Watu wa Lile Fuso

Mmeniuliza mmoja mmoja habari za safari yangu, mkipita hapa karakanani kujaza upepo baiskeli zenu, na kila mmoja nimempa jibu nusu. Naandika mara moja ili nisirudie.

Mnajua kilichonitoa nyumbani. Vijana wa hapa mjini Singida, wakiongozwa na Baraka wa duka la simu, wameamua kufufua tawi la mashabiki wa timu yetu. Wakaja kuniomba niwe mlezi wao kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu wa tawi la zamani. Jambo la kwanza walilopanga ni gari la mashabiki kwenda Dodoma. Baraka alitaja Dodoma huku anacheka. Simlaumu, wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Kwa asiyejua, sisi wa zamani tulipanda fuso, watu ishirini na wawili, tumekalia magunia matupu ya alizeti. Gari nilitafuta mimi. Wenzangu wawili watatu walisema tusubiri basi, mimi nikawacheka. Kwenye mteremko wa Saranda breki zikagoma. Hamisi, mpiga ngoma wetu, alikufa palepale. Wengine tulivunjika kila mtu mahali pake. Mimi ilikuwa nyonga, ndiyo maana natembea hivi. Nililala hospitali miezi mitatu, mazishi ya Hamisi sikuyaona.

Nilipotoka, tawi halikuwepo. Hakuna aliyelivunja, watu walihama tu, mmoja mmoja. Wengine Kahama, wengine Chunya kwenye dhahabu, mmoja Mpanda, mmoja anauza mitumba Mwanza. Wengine wamekufa vifo vya kawaida, akiwemo Mzee Shabani, mwenyekiti wetu. Humu mkoani niliowajua wamebaki ni watatu: Loti yuko Shelui, Paskalina yuko Sekenke, Mwalimu Daudi yuko Ikungi. Na mke wa Hamisi yuko kwao Itigi, huyo hatukuwahi kuonana. Wale watatu nilikuwa sijakaa nao kuzungumza tangu siku ile, na ni mwaka wa kumi na tisa sasa.

Nikamwambia Baraka, "Nipe wiki moja. Siwezi kukubali kabla sijawauliza."

Kwenda Shelui

Basi lilikuwa liondoke saa mbili, likaondoka saa nne. Nilikaa dirishani na begi miguuni, na ndani ya begi nilikuwa na vitenge viwili, sabuni na sukari. Mtu hawezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu.

Tulipofika juu ya mlima wa Sekenke tukakuta lori la mahindi limeharibikia njiani, limelala upande. Magari yamepanga foleni huku na huku. Tulikaa pale kwa saa tatu. Akina mama wa kijiji cha jirani walikwishapata habari, walikuja na mayai ya kuchemsha na viazi vitamu wakauza vyote. Foleni ilipoachia, dereva akawasha gari, na mimi nikaona ule mteremko ulivyo mrefu mbele yetu. Nikasimama.

"Konda, niteremshe."

"Mzee, hapa si kituo."

"Niteremshe, nitatembea."

Watu walicheka. Konda naye alicheka, lakini akafungua mlango. Nikashuka na begi langu nikaanza kuteremka mlima kwa miguu, mguu mmoja ukivuta mwenzake, basi likanipita. Mmoja wa wale wauza mayai alikuwa anarudi kwake njia hiyo hiyo. Alinipokea begi bila kuuliza. Tulipokuwa tunateremka akasema, "Baba, unaogopa gari au unaogopa unakokwenda?"

Nikamwambia naogopa gari. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa yai viza.

Chini nikapata bodaboda hadi Shelui. Loti anaziba tairi za malori pembeni mwa barabara kuu. Nilimpigia simu siku moja kabla kumwambia kwamba Katibu anakuja, sikumweleza zaidi. Sasa nikakuta vijana kama kumi na tano wamepanga mstari wamevaa jezi. Mmoja ameshika karatasi. Nilipokaribia wakapiga makofi, na yule wa karatasi akaanza kusoma risala: wao vijana wa Shelui wanamkaribisha mgeni rasmi, wanaomba mpira, wanaomba jezi, wanaomba tawi lao lipate televisheni kubwa.

Jezi walizovaa nilizitazama moja moja. Nyingi zilikuwa za timu za Dar es Salaam, nyingine za Ulaya. Ya kwetu haikuwepo hata moja.

"Walisikia neno katibu," Loti aliniambia baadaye, ameona aibu. "Hapa katibu akija huwa anakuja na kitu."

Niliwaambia sina mpira, nimekuja kumsalimia rafiki yangu. Walitawanyika polepole. Yule wa risala alikunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni, akaniaga vizuri, "Shikamoo, baba," kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

Mke wa Loti alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na chai ya maziwa. Tukala juu ya tairi mbili tukitazama malori. Nikamweleza Loti kilichonileta.

"Fufueni," alisema. "Mimi msinitie. Nashabikia timu ya Dar siku hizi. Ikifungwa nazima redio nalala. Hakuna mtu wa kwenda kumzika."

"Na mimi je? Unanilaumu?"

Alifuta mikono kwa tambara muda mrefu.

"Sikukulaumu, Katibu. Lakini unajua kwa nini nilihama Singida? Nilikuwa naziba baiskeli mtaa wa pili kutoka kwako. Kila asubuhi unapita, na mimi nasikia huo mguu wako unavyokwaruza chini. Kabla hata sijakuona, nasikia. Siku moja nikamwambia mke wangu tuondoke."

Yeye mwenyewe akanimiminia chai nyingine, akanijazia sukari kama zamani, vijiko vinne.

Kurudi juu, Sekenke

Asubuhi Loti alinitafutia bodaboda ya kunipandisha machimboni. Aliniaga lakini hakunisindikiza. Alisimama akitazama tairi aliyokwisha kuiziba.

Paskalina ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo zetu. Sauti yake ilikuwa ikianza uwanja mzima unageuka kutazama. Nilimkuta karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, yuko na wanawake wengine wanaosha vumbi la mawe kwenye beseni, wakitafuta kilichobaki baada ya wenye mali kuchukua chao. Amezeeka kunizidi. Akanisalimia Kinyiramba, nikamjibu Kinyaturu, akacheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi kisichokwisha. Sauti imeondoka. Aliyobakiwa nayo ni kama ya mtu anayenong'ona huku amekabwa.

"Vumbi," alisema, akigonga kifua.

Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi tuinamiane masikioni. Nikamweleza habari za tawi. Akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au siyo. Nilipomuuliza kama ananilaumu, akanishika mkono kwa mkono wake wenye tope.

"Ulikuwa na haraka tu. Sote tulikuwa na haraka. Tulikuwa tunaimba, hukumbuki? Dereva alipopiga kelele hatukumsikia."

Nikamwambia kutoka hapo nitapita Ikungi, halafu Itigi kwa mke wa Hamisi.

Uso wake ukabadilika. "Itigi usiende."

"Kwa nini?"

Akatazama wanawake wenzake, akarudi sikioni kwangu. Karasha likazidi kunguruma. Nilichosikia ni hiki: "Mwache yule mama na hilo alilopewa."

Nikafikiri anasema msiba, ule aliopewa na Mungu. Nikamwambia ndiyo maana naenda, kumshika mkono katika msiba wake. Akanitazama kwa huzuni, akataka kusema zaidi, kikohozi kikamshika, na msimamizi akawa anapiga kelele kwamba maji yanapotea. Nikamwachia kitenge kimoja. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikungoja mashine izimwe. Huwa inazimwa saa saba, wakati wa chakula, na mimi niliondoka saa sita.

Ikungi siku ya mnada

Niliteremka Ikungi siku ya mnada, na kwa kuwa nilivaa koti na nilikuwa nauliza nyumba kwa nyumba, watu wakadhani nanunua ng'ombe. Kijana mmoja alinifuata nusu saa nzima akinisifia dume lake. Nilipomwambia namtafuta Mwalimu Daudi akaniuliza, "Daudi yupi, anayeuza mbuzi?"

Nyumba ya Mwalimu niliipata. Ndani kulikuwa na mpangaji, bibi mmoja mkarimu, alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda kabla hata ya kuniambia kwamba Mwalimu alistaafu, akauza kiwanja, akamfuata mwanawe Chunya. Mwaka wa nne sasa. Mimi kila mwaka mpya nilikuwa namtumia salamu kwa watu wanaopita Ikungi, na kila mwaka walikuwa wanarudi na kuniambia zimefika.

Nilimaliza mlenda wote. Bibi yule aliniuliza Mwalimu alikuwa nani kwangu. Nikasema tulikuwa tunashangilia mpira pamoja. "Aa," akasema, "basi si ndugu," akaniongezea ugali.

Mkiwa

Pale Mkiwa, njia ya Itigi inapoacha barabara kuu, nilisubiri gari tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Magari mawili yalipita yamejaa, la tatu lilikuwa la mafundi wa barabara, halikunichukua. Upepo wa Singida mnaujua, vumbi linaingia hata kwenye meno. Mwisho nikapata lori lililokuwa linakwenda kufuata asali. Dereva alikuwa mtu mzima, mpole, na alipoona ninavyoshika dashibodi kila tunapoteremka korongo alipunguza mwendo bila kuniuliza.

"Ulipata ajali?" alisema mwishowe.

"Zamani."

"Mimi pia. Nilipona peke yangu."

Basi, hatukuzungumza tena hadi Itigi. Ndiyo saa pekee ya safari nzima niliyojisikia vizuri.

Itigi

Nililala gesti karibu na stesheni ya reli, mwenye gesti akanipa namba ya mama Zainabu, yule mke wa Hamisi, ambaye sasa anauza asali, nikampigia kwamba nakuja, na asubuhi nikaelekezwa kwake. Nyumba ya matofali ya udongo, chupa za asali zimepangwa juu ya meza mlangoni. Binti alikuwa uani anasonga ugali. Akaacha mwiko akaja kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Zai?"

Ndiye. Hamisi alimwacha ana miaka minne, mgonjwa wa kifafa. Nilimwona kwenye paji la uso ana makovu ya kuanguka, mengine ya zamani, moja bado bichi.

Mama yake alinipokea vizuri mno. "Wewe ndiye Katibu? Mzee Shabani alinieleza uko hospitali. Karibu shemeji, karibu ndani. Watu wote wa gari lile walinisaidia kumzika, ulibaki wewe tu." Akapokea sukari na kitenge kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa hata kwa matusi. Kwa ule wema sikuwa nimejiandaa, nikaanza kusema haraka haraka.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa lile fuso. Mimi ndiye niliyelitafuta. Na Hamisi nilimfuata mimi sokoni anakobeba mizigo. Alikuwa anasitasita. Nikamwambia bila yeye hakuna ngoma. Mimi ndiye niliyemvuta."

"Ngoma gani?"

"Ya kushangilia. Yeye si ndiye alikuwa mpiga ngoma wetu?"

Mama Zai aliweka kitenge mezani. Akasema taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "Hamisi aliomba lifti, shemeji. Alikuwa anafuata dawa za Zai Dodoma. Alinipigia simu huku Itigi jana yake akaniambia kesho nafuata dawa. Ninyi mlikuwa mnakwenda mpirani, mkampa lifti. Ndivyo Mzee Shabani alivyonieleza, na wote waliokuja kuzika."

Hapo ndipo nikamwelewa Paskalina, na hilo alilopewa yule mama.

Ningeweza kusema, ndiyo shemeji, lifti, mimi umri umenichanganya. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na uso wangu nadhani ulikuwa umeshasema yote. Nikajaribu kuziba. "Labda dawa pia. Labda angenunua baada ya mpira."

"Mliondoka Singida saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ilikuwa Jumamosi," alisema. "Lile duka la dawa Jumamosi lilikuwa linafunga saa sita. Yeye ndiye aliyeniambia hivyo, mara zote anakwenda na basi la alfajiri." Nilimwona anahesabu. Kisha akasema, "Waliniletea akiwa na shati jeupe. Hakuwa na shati jeupe. Nikajua ni la hospitali."

Mimi nilijua Hamisi alivaa nini siku ile. Alivaa jezi, kama wengi wetu. Kuna mtu aliyemvua, akamvisha shati lake.

Tulipogeuka, Zai alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakulia. Alimwuliza mama yake, si mimi.

"Kwa hiyo hakuwa ananifuatia dawa?"

"Mwanangu..."

"Mimi tangu nipate akili nakunywa dawa naomba radhi. Kila kidonge nasema baba nisamehe, ulikufa kwa ajili yangu." Alisema bila kupandisha sauti. "Kumbe alikwenda mpirani."

Nikaona nafasi, nikarukia, mjinga mimi. "Mwanangu, basi ujue haikuwa kosa lako. Jitue huo mzigo."

Ndipo akanigeukia. "Baba, ule haukuwa mzigo peke yake. Nilikuwa na baba aliyekufa akinifuatia dawa. Sasa nina yupi?"

Akarudi uani. Tukasikia anaendelea kusonga ugali, kisha anaipua.

Waliniandalia chakula. Nilisema nitaondoka, mama Zai akakataa. "Mgeni haondoki kwangu na njaa. Kaa." Kulikuwa na ugali na kuku, kuku mzima, nadhani alichinjwa nilipopiga simu kwamba nakuja. Mama alinichagulia firigisi, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Zai alitunawisha mikono, mimi na mama yake, akatoka. Nilikula ile firigisi. Sikujua nifanye nini kingine.

Nilipoaga, mama Zai alinisindikiza hadi njia ya stesheni. Aliniwekea chupa ya asali kwenye begi.

"Shemeji," alisema, "umekuja kuomba msamaha wa fuso. Wa fuso nilikusamehe zamani, hata kabla sijakujua. Hili la leo, sijui. Nikijua nitakutumia habari."

Hajatuma.

Nyumbani

Nilirudi kupitia Manyoni. Kutoka kule basi linageuza kuja Singida, Saranda unaiacha nyuma, huioni.

Baraka alikuwa ananisubiri stendi na wenzake wawili. "Mlezi! Wamekataa?"

Nikamwambia hakuna aliyekataa. Nikamwambia pia kwamba mimi siwezi kuwa mlezi wao, na kama wanakwenda Dodoma waende na basi, waondoke mapema, na kila mtu awaambie wa nyumbani kwake anakwenda wapi hasa. Baraka alidhani nimechoka na safari. Walikwenda wiki ile ile. Walirudi salama, wakapita mbele ya karakana wakiimba, mikono nje ya madirisha. Niliwapungia.

Paskalina nilimpigia. Nikamwambia nimeelewa alichosema. Akanong'ona, "Lile shati lilikuwa la Mzee Shabani. Alirudi kwake amevaa koti tupu." Akakohoa, tukaagana.

Siku kama kumi baadaye, mchana, nikiwa nafunga mnyororo wa baiskeli ya mteja, iliingia simu ya namba nisiyoijua. Ilikuwa Zai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile garini, alinitaja?"

Nilifuta mkono wa grisi kwenye suruali. Nikajaribu kukumbuka. Namkumbuka Hamisi amekaa nyuma ya dereva, ngoma katikati ya magoti. Namkumbuka akibishana na Loti kuhusu kipa. Alikuwa na maandazi kwenye gazeti, akatugawia. Nilitafuta kila pembe ya lile gari, toka Singida hadi Saranda.

"Alikutaja," nikasema.

"Alisemaje?"

Sikuwa nimetayarisha. Nilikaa na simu sikioni, mteja akinitazama, gurudumu la baiskeli likizunguka polepole mbele yangu, na neno halikuja. Upande wa pili nilisikia kuku wanalia uani kwao.

"Haya, baba," Zai alisema. "Asante."

Akakata.